Huyu Imani ni wa kike au wa kiume? Tulinganishe aina nne za majina kabla hujamwita mwanao

Januari ya mwaka mmoja nilikabidhiwa darasa la tatu pamoja na daftari la mahudhurio lililoandikwa na mwalimu aliyekuwa amehamishwa. Upande wa wasichana palikuwa na Furaha. Nilipoita, akasimama mvulana wa dawati la nyuma, sweta limempwaya mabegani, akajibu "Nipo, mwalimu" kwa sauti ya kuomba radhi. Darasa likaangua kicheko. Kabla sijawanyamazisha, msichana wa dawati la mbele akageuka akawakemea wenzake: "Mnacheka nini? Hata mimi naitwa Furaha." Kumbe walikuwa wawili. Aliyeandika daftari aliona jina limejirudia, akadhani ni kosa la mkono, akakata moja kwa rula na wino mwekundu.

Ni miaka 14 sasa nafundisha shule za msingi mkoani Tanga. Kila mama mjamzito au baba mwenye mtoto mchanga akinisimamisha njiani na swali la "Mwalimu, eti jina hili ni la kike au la kiume?", nawakumbuka wale wawili. Wengi wanaoniuliza wana majina mawili matatu mkononi, siku ya akika au ya ubatizo imekaribia, na shangazi wa upande mmoja hataki jina la upande wa pili. Wanataka lisilozoeleka sana, lakini wanaogopa mtoto asije akachekwa.

Kiswahili chenyewe hakimsaidii mzazi hapa. "Amekuja" ni kwa kaka na ni kwa dada. "Yeye" ni huyohuyo. Jina likiwa neno letu la kila siku, hata ulichambue vipi hukuti jinsi ndani yake. Jinsi imo masikioni mwa watu wa mahali linapoitwa. Ndiyo maana jina moja linaweza kuwa la mwanamume Unguja na la mwanamke Muscat, na asiwepo aliyekosea. Kwa hiyo mimi humrudishia mzazi swali: mwanao ataitwa wapi, na nani atalisikia jina lake kabla hajamwona uso?

Vigezo

Nimeyagawa majina yanayonifikia katika aina nne, na kila aina naipitisha kwenye vigezo vilevile.

Cha kwanza ni sikio: mtu asiyemjua mtoto akisikia jina tu, anamfikiria mtoto gani? Cha pili ni safari, maana watoto wetu hawakai tena mtaa mmoja. Jina linavukaje mto, mpaka na bahari? Cha tatu ni karatasi. Hapa kuna jambo ambalo wazee wa pwani hawakuhangaika nalo, kwa kuwa walikuwa na bin na binti. Ukisema Siti binti Saad, hakuna wa kuuliza zaidi. Leo Tanzania tunaandika majina matatu, la mtoto, la baba na la babu, bila kiungo chochote katikati. Msichana anayeitwa Amani Juma Hamisi ana majina mawili ya kiume nyuma yake, na karani asiyemwona atamweka kwa wanaume bila hata kufikiri.

Cha nne ndicho kinachosahaulika. Kwetu, jina la mtoto wa kwanza huwa jina la mama yake pia. Utakuwa Mama Fulani sokoni, msikitini au kanisani, kwenye kikundi cha kuweka na kukopa, hadi uzeeni. Lionje jina mdomoni ukiwa umetanguliza neno Mama.

Aina ya kwanza: majina ya heri

Hapa wamo Amani, Imani, Bahati, Furaha, Tumaini, Faraja, Neema, Baraka, Zawadi, Riziki na wenzao.

*Sikio.* Hii ndiyo aina inayochanganya kuliko zote, na pia ndiyo ninayoulizwa zaidi. Kwa sikio la Tanzania, Neema, Rehema, Pendo, Upendo, Subira na Zawadi wanakuja wasichana. Baraka, Shukuru na Heri wanakuja wavulana. Katikati wamebaki Amani, Imani, Bahati, Furaha, Tumaini, Faraja na Riziki, ambao hawana mwenyewe. Ukitaka ushahidi, tazama watu wanaojulikana. Bahati Bukuku, mwimbaji wa Injili wa Tanzania, ni mwanamke; Bahati wa Kenya, ambaye naye alianza na Injili, ni mwanamume. Imani Kajula aliyekuwa mtendaji mkuu wa klabu ya Simba ni mwanamume, na mimi nimefundisha akina Imani wa kike wengi tu. Amani Abeid Karume aliiongoza Zanzibar kuanzia 2000 hadi 2010, na sijasikia mtu akimwambia jina lake ni la kike.

Usitafute kanuni. Baraka na neema ni maneno yaliyotoka Kiarabu, na huko yote mawili yana umbo la kike. Sisi tukampa mvulana moja na msichana moja, tukazoea. Ni mazoea tu, na mazoea hubadilika ukivuka mto.

*Safari.* Basi tuvuke. Familia nyingi za Tanga, Mombasa na Visiwani zina ndugu Oman. Kule Iman ni jina la mwanamke, na Amani pia: kwa Kiarabu ni neno jingine kabisa lenye maana ya matamanio, na hupewa wasichana. Kijana wa kiume anayeitwa Amani akienda kumtembelea mjomba wake Muscat atalazimika kujieleza. Furaha naye akikutana na Farah wa Waarabu atawekwa upande wa wasichana, ingawa kwa Wasomali Farah ni jina la mwanamume, kama alivyo mkimbiaji Mo Farah.

Marekani nako kuna njia yake. Mwaka 1966 Maulana Karenga alianzisha sikukuu ya Kwanzaa na kuzipa nguzo zake saba majina ya Kiswahili: umoja, kujichagulia, ujima, ujamaa, nia, kuumba na imani. Kutokana na hizo, Nia na Imani yakaingia kwenye familia za Wamarekani Weusi, na kule huitwa wasichana hasa. Imani wa kiume atakayesoma huko ajiandae kuandikiwa barua za Bi. Baraka hana taabu hiyo. Jina la Barack Obama, alilolirithi kwa baba yake Mjaluo, ni la mzizi huohuo wa Kiarabu, na dunia nzima imemwona mwenye nalo.

Kuna sababu nyingine ya mkanganyiko ughaibuni. Lugha nyingi za Ulaya zimewazoesha watu kwamba jina linaloishia na *a* ni la mwanamke. Sisi tuna Juma, Musa, Issa, Hamza na Baraka, wanaume watupu. Hata neno uhuru, ambalo kwetu ni jina la Uhuru Kenyatta aliyezaliwa 1961, Wamarekani walipotaka kumpa mhusika wa kike katika televisheni miaka ya 1960 walilimalizia na *a*, likawa Uhura. Masikio yao ndiyo yaliyodai hivyo.

Mashariki mwa Congo majina haya yana historia nzito. Mwaka 1972 utawala wa Mobutu uliwataka watu waache majina ya Kizungu ya ubatizo na kutumia ya Kiafrika, na maneno ya Kiswahili yalikuwa pale karibu. Hadi leo Kivu ni nchi ya akina Furaha, Bahati, Mapendo, Riziki na Safari. Kule Furaha huwa msichana, na Safari huwa mvulana.

*Karatasi.* Tahajia haina ugomvi: Tumaini ni Tumaini kila mahali. Kosa linatokea kwenye kisanduku cha jinsi tu, lakini kosa hilo linaweza kuuma. Mwanafunzi wangu mmoja, mvulana aitwaye Faraja, alifika shule ya bweni akakuta ametengewa kitanda kwenye bweni la wasichana. Ilichukua siku mbili kurekebisha, na katika siku hizo mbili alikuwa ameshapata jina la utani lililodumu muhula mzima.

*Mama nani.* Hapa aina hii haina mshindani. Mama Amani, Mama Neema, Mama Tumaini: kila anayekuita anakuombea.

*Linamfaa* mzazi anayetaka maana inayoeleweka na kila mtu bila tafsiri, na aliye tayari kumfundisha mtoto kujibu swali la "kumbe wewe ni wa kike?" bila kunyong'onyea. Akitaka kupunguza swali hilo, achague Neema au Baraka. Akitaka la katikati, ampatie na jina la pili lililo wazi, na liandikwe kwenye cheti cha kuzaliwa tangu mwanzo.

Aina ya pili: majina yanayobeba alama

*Sikio.* Makabila mengi yalishalitatua swali letu zamani, kwa herufi moja au silabi moja tu. Kwa Wajaluo wa Nyanza na wa Rorya, mtoto wa usiku ni Otieno akiwa wa kiume na Atieno akiwa wa kike. Wa asubuhi ni Okinyi na Akinyi. Wa jua kali ni Ochieng' na Achieng'. Wa mvua ni Okoth na Akoth. Wakalenjini wana Kip- kwa wavulana na Chep- au Jep- kwa wasichana. Pwani yetu ina Mwana-: Juma ana dada yake Mwajuma, Hamisi ana Mwanahamisi, Idi ana Mwanaidi. Hiyo Mwana ni ya heshima na ni ya zamani. Ndiyo aliyokuwa nayo Mwana Kupona binti Mshamu, mshairi wa karne ya 19, na ndiyo anayotajwa nayo Mwana Mkisi, malkia wa masimulizi ya mwanzo wa Mombasa.

Ila alama husomwa na anayejua kuisoma. Darasani kwangu Tanga, Achieng' na Ochieng' ni kitu kimoja kwa watoto wa Kidigo na Kisambaa mpaka wawaone. Kuna na mtego: Mwana- ya pwani ni ya kike, lakini Usukumani *ng'wana* ni mtoto wa yeyote, na Ng'wanamalundi, yule mganga ambaye sifa zake zinasimuliwa mpaka leo, alikuwa mwanamume.

Mapacha nao wanaonyesha jinsi majirani wanavyoweza kutofautiana. Kwa Waganda, mapacha wa kiume ni Wasswa na Kato, wa kike ni Babirye na Nakato; umejua kila kitu. Kwa Wasukuma na Wanyamwezi aliyetangulia ni Kulwa na aliyefuata ni Doto, awe wa kiume au wa kike. Doto Biteko, aliyeteuliwa Naibu Waziri Mkuu wa Tanzania mwaka 2023, ni mwanamume. Mimi nina jirani aitwaye Doto ambaye ni bibi wa wajukuu sita.

*Safari.* Nje ya kwao majina haya hayana jinsi kabisa masikioni mwa watu, na pengine hilo ni afadhali kuliko kuwa na jinsi isiyo sahihi. Mgeni haelewi, kwa hiyo anauliza. Tatizo linakuja kwenye jina la baba. Mwanariadha wa mbio za mita 1,500, bingwa wa Olimpiki, anaitwa Faith Chepngetich Kipyegon. Chepngetich ni lake, na linasema yeye ni mwanamke. Kipyegon lina Kip- ya kiume kwa sababu ni la baba. Dunia inamwita kwa hilo la baba, na Mkalenjini anayemsikia mtangazaji analisikia hilo.

*Karatasi.* Ritifaa ya *ng'* inasumbua. Mifumo mingine ya kompyuta haipokei ile alama ya juu, Ochieng' anakuwa Ochieng, na siku ya kulinganisha vyeti mtu anaambiwa majina hayafanani. Majina marefu kama Mwanahamisi nayo hukatwa kwenye kadi. Wasichana wa siku hizi wamejikatia wenyewe, wakajiita Hamisa au Mwana. Sioni ubaya, ila cheti kibaki kimoja.

*Mama nani.* Mama Atieno, Mama Chebet, Mama Mwajuma: jina linakutambulisha na kwenu. Kwa ndoa ya makabila mawili, pima hilo vizuri, maana utakuwa unaitwa kwa lugha ya wakwe zako maisha yako yote. Wapo wanaolifurahia sana.

*Linamfaa* mzazi ambaye ukoo wake una utaratibu wa majina na anataka uendelee. Kwa Wakikuyu, kwa mfano, mtoto wa kiume wa kwanza huchukua jina la babu mzaa baba, na wa kike wa kwanza la bibi mzaa baba. Hapo hakuna kuchagua sana. Lakini hata ndani ya mila, jina linaweza kuvuka jinsi kwa sababu kubwa. Mwalimu Nyerere alipozaliwa mwaka 1922 aliitwa kwanza Mugendi. Kwa ushauri wa mwaguzi akabadilishiwa jina, akaitwa Kambarage, jina la pepo wa mvua kwa Wazanaki, na pepo huyo ni wa kike. Julius lilikuja baadaye sana, kwenye ubatizo wa 1943. Mtoto wa kiume aliyepewa jina la pepo wa kike akawa Baba wa Taifa.

Aina ya tatu: majina ya siku, ya zamu na ya shida

*Sikio.* Ya siku na miezi hayana utata: Juma, Hamisi, Jumanne, Rajabu na Ramadhani ni wavulana. Chausiku ni msichana aliyezaliwa usiku, na Tatu ni binti wa tatu. Nayapita haraka kwa sababu nataka kukaa kwenye ya shida: Tabu, Shida, Mashaka, Mateso, Masumbuko, Sikujua, Sikuzani.

Watu wa mjini huyaogopa. Nami niliwahi kuyaogopa, mpaka nilipokaa na bibi mmoja wa Pangani aliyezika watoto watatu kabla ya kumpata anayeitwa Tabu. Alikuwa anachambua dagaa kwenye ungo, hakuinua hata kichwa, akaniambia: "Ukimwita Lulu watamtamani. Ukimwita Tabu watampita." Jina baya lilikuwa kinga. Mama aliyechoka kuzika alimpa mtoto jina ambalo kifo na jicho la watu havitakuwa na hamu nalo. Siti binti Saad, aliyezaliwa Fumba mwaka 1880 na kuwa sauti ya kwanza kubwa ya taarabu ya Kiswahili kwenye santuri, hakupewa jina Siti na wazazi wake. Walimwita Mtumwa. Siti, yaani bibi mwenye heshima, lilikuja baadaye mjini.

Kwa kuwa majina haya yanazungumzia hali ya mzazi na si umbo la mtoto, jinsi haikuwahi kuwa hoja. Tabu ni msichana katika vijiji vyetu vya pwani; Tabu Ley wa Congo alikuwa mwanamume mwenye sauti iliyotikisa Afrika. Mashaka na Masumbuko huja wavulana. Sikujua huja msichana. Shida nimewafundisha wa kike na wa kiume. Wakikuyu wao walitenganisha hata kwenye hili: aliyerudi kutoka kwa wafu ni Kariuki akiwa wa kiume, Njoki akiwa wa kike.

*Safari.* Nje ya Kiswahili hakuna anayejua maana, kwa hiyo Tabu ni jina fupi zuri tu. Ndani ya Kiswahili, maana inaingia chumbani kabla ya mwenye jina.

*Karatasi.* Mepesi kuandika, hayakosewi.

*Mama nani.* Hapa nakuomba ufikirie mara mbili. "Mama Shida" ni neno ambalo wateja watakuita ukiwa na genge lako la nyanya. Wapo wanawake wanaolibeba kwa fahari, maana wanajua shida ile waliishinda. Wapo walionambia kwamba kila wakiitwa wanarudishwa kwenye mwaka ule.

*Linamfaa* mzazi mwenye kisa cha kweli cha kumkabidhi mtoto, na atakayekaa naye amsimulie. Mtoto anayejua kwa nini anaitwa Mashaka husimama wima akitaniwa. Asiyesimuliwa huinamisha kichwa; nimeliona hili darasani mara nyingi mno.

Aina ya nne: majina ya Kiingereza ya kwetu

*Sikio.* Nenda Moshi au Arusha utawakuta Godlisten, Godbless na Goodluck, wanaume. Gladness, Happiness na Lightness, wanawake. Sikio la Tanzania limejitengenezea sheria yake kwenye lugha ya watu: jina la kumtaja Mungu mwanzoni ni la mvulana, jina linaloishia na *-ness* ni la msichana. Innocent na Prosper ni wavulana. Gift yuko katikati, kama Tumaini asiye na mwenyewe.

*Safari.* Majina haya ni ya kwetu hasa. Mwingereza akisikia Lightness anasikia neno, hasikii jina, kwa hiyo atauliza maana. Hakuna aibu katika hilo. Goodluck Jonathan alikuwa rais wa Nigeria na jina lake likazoeleka duniani. La kuangalia zaidi ni yale ya watakatifu yaliyogeuka njiani. Faustine kwetu ni mwanamume, kama alivyokuwa marehemu Dkt. Faustine Ndugulile, mbunge wa Kigamboni, aliyechaguliwa mwaka 2024 kuwa mkurugenzi wa Kanda ya Afrika wa Shirika la Afya Duniani na kufariki kabla ya kushika kazi. Ufaransa Faustine ni mwanamke. Ukoo wenye ndugu Brussels au Paris ulijue hilo.

*Karatasi.* Hii ndiyo aina inayowapa wanafunzi wangu mateso makubwa kwenye vyeti. Cheti cha kuzaliwa kinasema Happyness, cha darasa la saba Happiness, kitambulisho cha taifa cha NIDA Hapyness. Jackline, Jaqueline, Jacquline. Kila herufi iliyopotea ina gharama yake ya kiapo kwa mwanasheria na nauli ya kwenda na kurudi. Ukichagua aina hii, iandike tahajia kwenye karatasi kwa herufi kubwa, umpe anayekwenda kuandikisha, na usome cheti herufi kwa herufi kabla ya kuondoka dirishani.

*Mama nani.* Mama Goodluck, Mama Gladness. Yanatamkika, na kwa watu wa kanisani ni ushuhuda.

*Linamfaa* mzazi anayetaka dua iwe wazi kwenye jina na anayeishi ambako majina haya yamezoeleka. Usambaani au Pemba mtoto atakuwa peke yake na jina lake, jambo ambalo wengine ndilo wanalolitafuta.

Kwa hali yako

Kama unataka jina liwe tayari kabla hujajua utajifungua mtoto gani, nenda aina ya kwanza, ya katikati: Tumaini, Amani, Imani. Kulwa na Doto ni hivyohivyo kwa mapacha, na mila imeshakupangia nani achukue lipi.

Kama ndugu zako wako Ghuba na mtoto ni wa kiume, Baraka ni salama kuliko Amani na Imani. Kama ni wa kike, hayo mawili yatampokea vizuri pande zote mbili za bahari.

Kama mmeoana kutoka makabila mawili na wazee wanavutana, jina la heri la Kiswahili linaweza kutangulia na la ukoo likafuata. Mtoto ataitwa la kwanza shuleni, na bibi ataita lake nyumbani. Watoto wa namna hiyo hawachanganyikiwi. Wanajua kwa sauti tu ni nani anaita.

Kama mmepita kwenye msiba na jina la shida linakutoka moyoni, usizuiwe na aibu za watu. Lakini fikiria majina yanayoshika kisa hichohicho kutoka upande wa pili: Faraja, Subira, Majaliwa. Ukibaki na Tabu, andika kisa chake mahali, mtoto atakihitaji akifika miaka tisa au kumi.

Kama mtoto ataitwa sana na watu wasiomwona, kwa mfano atakuwa bweni au mtaondoka nchini, chagua aina ya pili ikiwa watakaomwita wanaijua alama yake, la sivyo mwongezee jina la pili lenye jinsi iliyo wazi. Mhakikishie nafasi yake kwenye cheti, si kwenye madaftari tu.

Na kama tayari amepewa na linamtesa, usimbadilishie kimyakimya kwa kumwandikisha jina jingine shuleni; huko ndiko vyeti vinakoanza kugombana. Muulize mwenyewe kwanza. Yule Furaha wangu wa kiume nilimuuliza pembeni, wakati wa mapumziko, kama angependa nimwite kwa jina la baba yake. Akavuta mkono wa sweta, akafikiri, akakataa. Alisema Furaha alipewa na bibi yake, na bibi akisikia atalia. Ila aliniomba nimwandike upande wake. Nikachukua rula, nikamwandika kwa wavulana, na jina la mwenzake nikaliacha palepale lilipokuwa. Ikiwa mtoto wako atasema analitaka jina lingine, fanyeni mabadiliko hayo kisheria kabla hajasajiliwa mtihani wa kumaliza shule ya msingi, maana jina atakalosajiliwa nalo hapo ndilo vyeti vinavyofuata vitakavyolifuata.